Majani Yananata: Nani Kamwaga Sukari?

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, ana Crassula ovata, ule mmea wa majani manene yanayong'aa ambao wauza maua wa barabarani huuita jedi. Ameuweka sebuleni na huu ni mwaka wa tatu. Bwana shamba wetu anamjibu.

Shikamoo bwana shamba. Majani ya jedi yangu yananata kama yamemwagiwa soda, na hata meza iliyo chini yake inanata. Ni utomvu?

Marahaba, mwanangu. Si utomvu, na meza yako ndiyo iliyonipa jibu: kuna kitu kinadondoka kutoka juu. Ni kinyesi cha wadudu. Wapo wadudu wanaochomeka mrija wa mdomo ndani ya mmea na kufyonza maji yake. Maji hayo yana sukari tele, lakini virutubisho vya kumkuza mdudu ni haba, hivyo hulazimika kunywa mengi na kuitoa sukari iliyozidi kwa nyuma. Ukikawia kuifuta, juu yake huota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Sisimizi nao hupanga foleni.

Mbona simwoni mdudu yeyote?

Kwa sababu umetazama juu ya majani. Washa tochi ya simu, inua jani, chungulia pale linaposhikana na shina. Hilo ndilo kwapa la mmea, na wadudu weupe waitwao vidung'ata hupenda kujibanza humo. Utaona kitu kama pamba. Kichokoe kwa kijiti cha meno na ukiminye: kikiacha unyevu, hiyo si pamba.

Mshukiwa wa pili ni mdudu gamba, kipele cha kahawia kilichoganda kwenye shina, hakitembei wala hakishtuki. Kibandue kwa ukucha. Kikitoka kizima, ni mdudu. Kikigoma kwa sababu kimeungana na ngozi ya mmea, ni kovu tu, liache.

Kuna vidoti vyeupe kingoni mwa majani. Ndio hao?

La, ingawa wengi huniletea picha zake wakiwa na hofu! Jani la jedi lina vitundu vidogo vinavyotoa maji, na maji yakikauka huacha chumvi. Kama unamwagilia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, vidoti vitaonekana zaidi. Havinati, na kitambaa kibichi huviondoa.

Jirani amenipa dawa aliyobakiza ya kupulizia nyanya. Nipulize?

Mrudishie, na umshukuru. Dawa ya shambani haina kazi sebuleni wanakolala watoto, na zile zenye malathioni huweza kuuunguza mmea wa jamii ya jedi. Isitoshe, kidung'ata amevaa nta. Matone humteleza kama mvua kwenye jani la yungiyungi.

Nunua spiriti ya asilimia 70 duka la dawa. Tenga mmea mbali na mingine. Jaribu kwanza jani moja, usubiri siku mbili. Lisipopata baka, endelea. Chovya pamba ya kijiti, mguse kila mdudu mpaka ile nta ilowe. Kisha futa majani kwa maji yenye sabuni ya maji kidogo, kama kijiko kimoja cha chai kwa lita, suuza, na uuweke kivulini siku hiyo. Mimea yenye vumbi jeupe la asili kwenye majani, kama echeveria, usiisugue: vumbi lile ni ngozi yake, na likishafutika kwenye jani halirudi.

Niliwahi kufuta wote. Wiki moja baadaye wakarudi.

Hawakurudi, walizaliwa. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai ndani ya ile pamba. Rudia kila baada ya siku saba, kwa wiki nne, hata usipoona kitu. Acha pia mbolea ya naitrojeni kwa sasa. Machipukizi laini ndiyo karamu yao.

Wala usijione mzembe. Ndugu wa mdudu wako, kidung'ata wa muhogo, alitikisa nchi nyingi za Afrika kuanzia miaka ya 1970, mpaka nyigu mdogo kutoka Paraguay alipoletwa na kuachiwa Nigeria mwaka 1981. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Na nikifanya yote hayo na mmea bado unanata?

Utoe chunguni, utazame mizizi. Ukiona unga mweupe, wamehamia huko, na mimi singehangaika tena. Kata tawi safi, liache likauke kidonda siku nne au tano, lipande kwenye mchanga mpya. Mmea wa zamani ufunge kwenye mfuko na kuutupa, usiupeleke kwenye mboji. Na chungu kile usikitumie kabla hujakisugua kwa maji ya moto na sabuni, hasa chini ya ukingo wake, wanakojificha.