Dawa Iliyoshikwa na Dawa Iliyo Huru: Fumbo la Kwinini

Mtu mwenye afya akimeza kwinini nyingi mno, hata kiasi chake katika damu kikapita miligramu 10 kwa lita, yumo katika hatari ya kupofuka. Mgonjwa wa malaria kali anayetibiwa kwa dawa hiyo huweza kuwa na kiasi hicho hicho, na upofu ukawa nadra sana kwake. Tofauti hii yatoka wapi?

Jawabu limo katika protini za damu. Iliyo nyingi kuliko zote ni albumini, yapata gramu 40 katika kila lita ya plazima, yaani maji ya damu yaliyoondolewa chembe. Protini hizi huchukua vitu visivyoyeyuka vyema majini. Homoni za steroidi, ambazo mwili huziunda kutokana na kolesteroli, ni za jamii hiyo. Katika kila molekuli 100 za homoni ya kotisoli, takriban 5 tu huelea huru. Nyingi ya zilizosalia hushikwa na protini maalumu iitwayo transkotini, na chache na albumini.

Neno "kushikwa" lisimpotoshe mwanafunzi. Hapa hakuna kifungo cha kikemia cha kudumu. Ni nguvu dhaifu tu, hata molekuli hubanduka na kushika tena bila kukoma. Ni kama abiria na basi: aliye ndani hafanyi kazi mjini mpaka ashuke. (Mfano huu una kasoro, kwani abiria wetu hupanda na kushuka basi likiwa mwendoni.) Molekuli iliyo huru ndiyo ipenyayo kuta za mishipa midogo, ikafika penye kipokezi chake na kutenda kazi, ndiyo pia ichujwayo na figo.

Kwa hiyo jumla na kazi ni mambo mawili. Mwanamke anayetumia vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni hupata transkotini nyingi zaidi, kwa sababu estrojeni hulichochea ini kuitengeneza. Jumla ya kotisoli yake huweza kupanda sana, ilhali ile iliyo huru yabaki karibu na kawaida. Daktari asiyeuliza habari za vidonge aweza kudhani ameona ugonjwa.

Sasa turudi kwenye kwinini. Dawa zilizo asidi aghalabu hushikwa na albumini. Kwinini ni besi, nayo hupenda zaidi protini nyingine iitwayo orosomukoidi. Protini hii huongezeka mwili unapopambana na maradhi makali, malaria ikiwamo. Kwa mtu mwenye afya, yapata asilimia 80 ya kwinini hushikwa. Katika malaria kali kiasi hicho huweza kufikia 90 au kuzidi. Tofauti ya 80 na 90 yaonekana ndogo, lakini tufanye hesabu. Katika miligramu 10, mtu wa kwanza ana miligramu 2 zilizo huru, wa pili ana 1 tu. Sumu imepungua kwa nusu, na kipimo cha jumla hakikuonyesha lolote. Kufikia mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza atesuneti mahali pa kwinini kwa malaria kali ya watu wazima na watoto, lakini hesabu hii haijachakaa.

Yaweza pia kwenda kinyume. Fenitoini, dawa ya kifafa, hushikwa na albumini kwa kiasi cha asilimia 90. Kwa mgonjwa aliyedhoofika kwa utapiamlo albumini hupungua, na sehemu iliyo huru hukua. Maabara yakipima jumla yatatoa namba ndogo. Daktari akiongeza dozi kwa kuitegemea namba hiyo, mgonjwa ataanza kupepesuka na macho kuchezacheza. Kuipima dawa iliyo huru kwahitaji kuitenga kwanza kwa utando wenye matundu madogo yanayozuia protini na kuipitisha dawa, kazi ya saa nyingi kwa njia ya zamani. Ndiyo maana maabara nyingi hupima jumla, na wengine hupima albumini pia ili kuisahihisha kwa hesabu.