Somo la Mwezi: Msimbo wa QR na Kumbukumbu za Kihandisi za Reli

Mkazi wa kaunti, ule mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe umeuona kwenye risiti ya eTIMS dukani, pengine pia kwenye cheti chako cha chanjo ya Korona. Unaitwa msimbo wa QR. Katika somo hili tutaangalia kazi yake nyingine: kutunza kumbukumbu za kihandisi za reli, yaani madaraja, kalvati, mataruma, vivuko na vyuma vyenyewe vya njia.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, reli ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Mitaro ya maji ya mvua mijini na barabara za kaunti ni jukumu letu. Mambo haya mawili hukutana chini ya tuta la reli. Kalvati ikiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye nyumba na mashamba ya majirani, na tuta lenyewe huanza kumomonyoka. Kwa hiyo ni vyema kila anayeishi karibu na reli ajue kumbukumbu hizi hutunzwaje.

Kumbukumbu ina uzito gani?

Tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyokuwa ikitoka London kwenda Leeds iliacha njia karibu na mji wa Hatfield, Uingereza. Watu 4 walifariki na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Chuma cha reli kilikuwa na nyufa ndogo ndogo zilizosababishwa na magurudumu, na treni ilipopita kilivunjika vipande vipande.

Kilichouma zaidi ni kwamba kasoro hiyo ilikuwa inajulikana. Mpango wa kubadilisha chuma hicho ulikuwepo, lakini kazi ilikuwa haijafanyika na treni ziliendelea kupita kwa kasi. Baada ya ajali ilibainika pia kwamba Railtrack, kampuni iliyomiliki njia za reli za nchi hiyo wakati huo, haikuwa na orodha kamili ya hali ya mali yake. Kwa kuwa haikujua nyufa kama hizo ziko wapi kwingine, ililazimika kupunguza kasi ya treni katika zaidi ya sehemu 1,200. Usafiri ulivurugika kwa miezi mingi.

Funzo ni kwamba habari iliyolala kwenye faili ofisini haimlindi abiria. Lazima imfikie fundi aliye mahali penyewe, na lazima ifanyiwe kazi.

Msimbo wa QR ni nini?

Ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kila kidoa cheusi au cheupe ni sehemu ya habari. Ile miraba mitatu mikubwa kwenye pembe huiambia kamera msimbo umeelekea upande gani, ndiyo maana simu husoma hata ukiishika kimshazari.

Msimbo una uwezo wa kujirekebisha. Ukitengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa cha kujirekebisha, bado unasomeka hata kama takriban asilimia 30 yake imechafuka au kukwaruzika. Kwenye reli, penye vumbi, kutu, grisi na jua kali, sifa hii ina faida kubwa.

Habari hukaa wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuweka habari ndani ya msimbo wenyewe. Msimbo mkubwa kabisa una vidoa 177 kwa 177 na hubeba tarakimu 7,089, au baiti 2,953 za maandishi ya kawaida. Hayo ni maandishi ya kurasa moja au mbili tu. Picha moja ya simu haiingii humo. Faida yake ni kwamba hausubiri mtandao: fundi aliye porini pasipo na mawimbi ya simu bado atasoma.

Njia ya pili ni kuweka nambari au anwani ya intaneti tu, inayofungua kumbukumbu kamili zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Huko kunaweza kukaa michoro, picha na ripoti za miaka mingi. Kwa njia hii msimbo ni ufunguo, na kabati liko kwingine. Kumbukumbu zikibadilika, hakuna haja ya kubandika msimbo mpya.

Iliyo bora ni kuchanganya zote mbili: mambo machache yasiyobadilika yakae ndani ya msimbo, na historia ya ukaguzi ikae kwenye kompyuta. Kando ya msimbo iandikwe nambari kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa macho, ili hata asiye na simu janja aweze kuitaja.

Mfano: kalvati moja

Tuseme kalvati imepewa nambari KV-27. Kumbukumbu yake ingekuwa na mambo haya:

1. Mahali ilipo, kwa kilomita ya njia ya reli.
2. Mwaka iliojengwa, vipimo vyake na vifaa vilivyotumika.
3. Tarehe ya ukaguzi wa mwisho na cheo cha aliyekagua.
4. Kasoro iliyoonekana, pamoja na picha.
5. Hatua iliyoamuliwa, nani ataitekeleza na mwisho wake ni lini.
6. Tarehe kazi ilipokamilika.

Angalia namba 5 na 6 kwa makini. Hatfield haikukosa mtu wa kuona nyufa. Ilikosa kazi kukamilishwa kwa wakati. Msimbo hauwezi kukaza skurubu wala kuzibua mtaro, lakini ukitumiwa vizuri, mkaguzi anayefuata ataona papo hapo kwamba kazi iliyoamuliwa miezi mitatu iliyopita bado haijafanywa.

Kibandiko kiweje?

Kanuni ya kawaida ni kwamba msimbo husomeka kwa umbali wa takriban mara 10 ya upana wake. Wenye upana wa sentimita 5 husomeka ukiwa nusu mita. Kwa hiyo ubandikwe mahali fundi anapofika bila kusimama kwenye njia ya treni. Karatasi haifai, mvua moja tu inaiondoa. Kibao cha chuma hudumu, lakini huwavutia wezi wa vyuma chakavu. Plastiki ngumu isiyopauka kwa jua haina thamani kwa mwizi.

Tena, si kila habari ni ya kila mtu. Umma unaweza kuona nambari, mahali na namna ya kutoa ripoti. Michoro ya kihandisi ifunguliwe na mafundi walioidhinishwa pekee.

Wajibu wako, mkazi

- Usiingie kwenye njia ya reli ili kupiga picha msimbo. Treni haiwezi kusimama ghafla.
- Usibandue kibandiko wala kibao chochote cha reli, na uwafundishe watoto vivyo hivyo.
- Ukiona tuta limebomoka, kalvati imeziba au chuma kimeng'olewa, toa ripoti kwa stesheni iliyo karibu, chifu au ofisi ya wadi. Ikiwa ni hatari ya haraka, piga 999 au 112. Taja nambari iliyoandikwa hapo au kilomita.
- Jihadhari na matapeli wanaobandika msimbo wao juu ya ule halali. Soma anwani kabla ya kuifungua. Kumbukumbu za daraja haziwezi kukuomba PIN ya M-Pesa.

Jipime

1. Kwa nini picha za ukaguzi haziwekwi ndani ya msimbo?
2. Fundi asiye na mtandao atapata habari gani?
3. Katika mfano wa KV-27, ni mambo gani mawili yanayoonyesha kama kasoro imeshughulikiwa?

*Majibu:* (1) Nafasi haitoshi. Msimbo hubeba baiti 2,953 tu za maandishi. (2) Ile iliyowekwa ndani ya msimbo, pamoja na nambari iliyoandikwa kando. (3) Namba 5, hatua iliyoamuliwa na mwisho wake, na namba 6, tarehe ya kukamilika.

Walimu na viongozi wa vikundi wanaruhusiwa kutumia somo hili darasani na kwenye baraza.