Mafunzo Niliyopata kwa Prado ya Dizeli

Wewe unayesaka Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ-TE, ile ya lita 3 yenye tabo, sikuzuii. Barabara za kuingia Chamazi au Goba zinataka gari la namna hiyo. Nililiendesha nikiishi Mbagala, Dar es Salaam, na haya ningefurahi kuambiwa mapema.

1. Usikimbilie pampu

Kila asubuhi lilikuwa likigoma. Napiga stata hadi betri inachoka, kisha linashika, linatetemeka, linatulia. Likishapata moto, mchana kutwa halina neno. Fundi wa kwanza akasema plagi za kupashia moto zimekufa. Tukabadili, hali ileile. Wa pili akasema pampu, nami nikaanza kuulizia bei Gerezani.

Mzee mmoja wa Tandika hakushika hata spana. Aliminya kipampu cha mkono juu ya filta ya dizeli mpaka kikawa kigumu, akasema, "Washa, mwanangu." Likashika papo hapo. Mpira wa dizeli ulikuwa na ufa: usiku hewa inaingia, dizeli inarudi tangini. Nilibisha, mbona haudondoshi hata tone? Akacheka. Upande ule pampu inavuta, haisukumi. Ufa unaingiza hewa badala ya kumwaga mafuta.

Tangu hapo naanza na mipira, filta na klipu. Anayebadilisha spea kwa kubahatisha anamlipia fundi ada ya shule.

2. Soma moshi

Mweusi: mafuta yamezidi au hewa haitoshi. Kwa wakazi wa mavumbini, kagua kwanza filta ya hewa na mpira wa tabo. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe ndio wenye mtego. Ukitoka asubuhi na kunuka dizeli mbichi kisha ukapotea, ni mafuta yasiyoungua. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, huku maji ya rejeta yanapungua, jiandae kwa somo linalofuata.

3. Mshale ukishuka ghafla, usishangilie

Foleni ya Kilwa Road, jua la saa nane, mshale wa joto ukapanda. Nikajiambia nisogee mpaka Mtongani, palipo na kivuli. Njiani mshale ukashuka wenyewe. Nikamshukuru Mungu na kuongeza sauti ya redio. Kumbe maji yalikuwa yameisha, na kipimo kisipoguswa na maji hakisomi joto la kweli. Kivuli kile kilinigharimu silinda hedi.

Hedi za 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka zikichemshwa. Unapokagua gari la kununua, nenda asubuhi kabla halijawashwa, ubonyeze mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu injini ikiwa baridi, shuku. Fungua mfuniko wakati huohuo wa ubaridi, liwashwe: mapovu yasiyokoma maana yake gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Muuzaji akikupokea injini ikiwa tayari inanguruma, mwambie utarudi kesho.

4. Jangwani ikijaa maji, zunguka

Injini ya dizeli ikivuta maji kwa njia ya hewa, konrodi zinapinda, kwa sababu maji hayabanwi. Likizimika majini, usipige stata tena. Livutwe.

5. Mafuta nayo yachunguzwe

Zamani mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, na wachakachuaji waliyachanganya na dizeli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida hiyo ife. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, hivyo inasagika.

Maji unaweza kuyapima mwenyewe. Legeza koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yatakaa chini ya dizeli. Ukiyakuta mara tu baada ya kujaza tangi, rudi kituoni na chupa hiyo pamoja na risiti. Bila risiti watakuuliza umejaza wapi.