Taa ya Upepo wa Tairi: Kwa Nini Huendelea Kuwaka Baada ya Vihisi Kubadilishwa?

Katika magari mengi ya miaka ya karibuni mna taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Kazi yake ni kumwarifu dereva kwamba kanieneo ya hewa ndani ya tairi, ambayo mafundi huiita upepo, imeshuka kupita kiasi. Mara nyingi hutokea kwamba mwenye gari ananunua vihisi vipya, fundi anavifunga, matairi yanajazwa upepo sawasawa, na bado taa haizimiki. Hapo baadhi ya madereva huifunika kwa utepe mweusi wakaendelea na safari.

Kuifunika ni jambo la hatari. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika na kukunjuka kila linapozunguka. Kukunjika huko huzaa joto, na joto hulegeza mpira ulioshikamana na nyuzi za chuma zilizomo ndani. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha kutoka kwa wateja wa Marekani matairi yapatayo milioni 6.5, ambayo mengi yake yalifungwa kwenye magari ya Ford Explorer, kwa kuwa tabaka la nje lilikuwa likibanduka gari likiwa mwendoni. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na ajali hizo, na upungufu wa upepo pamoja na joto vilitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Mwaka huohuo nchi hiyo ilitunga sheria ya kudai chombo cha kumwonya dereva. Umoja wa Ulaya nao ulikitaka katika magari yote mapya kuanzia mwaka 2014. Kwa njia hiyo chombo hiki kimefika hata Afrika Mashariki, ndani ya magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo.

Jambo la kwanza la kutazama ni jinsi taa inavyowaka. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, inasema habari za upepo. Ikipepesa kwa muda wa dakika moja hivi gari linapowashwa, kisha ikabaki imewaka, inasema kwamba chombo chenyewe kina hitilafu. Hivyo ndivyo kanuni za Marekani zinavyoagiza kwa magari yenye taa moja, na watengenezaji wengi wa kwingineko hufuata mtindo huo. Fundi anayeongeza upepo kwa sababu ya taa inayopepesa anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Hata hivyo upepo hauna budi kupimwa kwanza, matairi yakiwa yamepoa, kwa geji ya mkono iliyo sahihi. Tairi la akiba lisisahauliwe, maana katika baadhi ya magari nalo lina kihisi. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko kilichopo ukingoni mwa mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, wala si kipimo cha gari.

Kihisi hufungwa ndani ya rimu, kwa kawaida kwenye shina la valvu. Ndani yake mna kipima kanieneo, betri ndogo iliyofungiwa kabisa, na kirusha mawimbi ya redio. Kila kihisi kina namba yake ya pekee, na huitaja namba hiyo kila kinapotuma habari. Kompyuta ya gari husikiliza namba ilizosajiliwa tu, la sivyo ingechanganyikiwa na matairi ya gari la jirani. Hapa ndipo kilipo chanzo cha kawaida kabisa cha taa kuwaka baada ya ukarabati: vihisi vipya vinazungumza, lakini kompyuta bado inawangojea wale wa zamani. Magari mengine hujifunza namba mpya yenyewe yakiendeshwa. Mengine hudai utaratibu maalumu wa kitufe na swichi. Mengine hayakubali ila kwa kifaa cha fundi kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Vihisi vya zamani visiachwe kwenye buti wakati wa usajili, kwani vilivyo hai vitasikika pia.

Kihisi pia hulala gari linaposimama ili kuhifadhi betri, na huamshwa na mzunguko wa gurudumu. Kwa hiyo kuitazama taa gari likiwa gereji hakuthibitishi lolote. Sharti liendeshwe kwa mwendo wa barabara kuu, dakika 10 hadi 20 hivi.

Ikiwa hata baada ya hapo kompyuta haisikii kitu, mawimbi yachunguzwe. Vihisi vya magari ya Marekani kwa kawaida hutumia megahezi 315, na vya Ulaya megahezi 433. Viwili hivyo vinaweza kufanana kwa umbo kama pacha, vikaingia kwenye rimu ileile bila taabu, lakini gari lililoundwa kwa megahezi 433 halitakisikia kamwe kihisi cha 315. Namba hiyo isomwe kabla ya fedha kutolewa.

Betri hudumu miaka 5 hadi 10. Kihisi kimoja kikifa kwa uzee, wenzake watatu wana umri uleule. Taa inayorudi baada ya miezi michache huenda inamlilia mwingine.

Yapo pia magari yasiyo na kihisi ndani ya tairi. Hayo hulinganisha kasi ya magurudumu, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huwa na nusu-kipenyo kidogo zaidi na huzunguka mara nyingi zaidi katika umbali uleule. Katika gari la namna hiyo, anayebonyeza kitufe cha kuanzisha upya kabla ya kujaza upepo anaifundisha kompyuta kwamba upungufu ndio hali njema.

Kuna tatizo moja ambalo si hitilafu, bali ni fizikia. Vihisi vingi hupima kanieneo halisi, wakati geji ya mkono hupima tofauti kati ya ndani ya tairi na angahewa. Tairi linajazwa Dar es Salaam kilopaskali 220 kwa geji, hewa ikiwa nyuzi 30 za Sentigredi. Kanieneo halisi ni 220 + 101 = 321. Alfajiri inayofuata gari liko Njombe, yapata mita 1,900 juu ya bahari, kwenye nyuzi 10. Ujazo usipobadilika:

321 × 283 ÷ 303 = 300

Angahewa ya huko ni karibu 80, hivyo geji itaonyesha 220, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini kompyuta inayotoa 101 popote ilipo itasoma 199. Si kila gari limeundwa hivyo; baadhi hupima angahewa pia.

Zoezi: Taa ya gari hilo huwaka chini ya kilopaskali 165. Iwapo tairi liliondoka Dar es Salaam likiwa na 180 kwa geji, je, taa itawaka Njombe, na geji itasema nini? (Jibu: itawaka, kwani kompyuta itasoma karibu 161, geji itaonyesha karibu 182.)