Kuchukua Viza kati ya Ndege Mbili: Mwongozo kwa Abiria wa Rukwa

Abiria wa Sumbawanga aendaye ng'ambo aweza kuanza safari yake kwa barabara. Husafiri takriban kilomita 300 kupitia Laela na Tunduma hadi Kiwanja cha Ndege cha Songwe, Mbeya, kisha huruka hadi Dar es Salaam, na hapo hubadili ndege. Kwa kuwa balozi nyingi na vituo vya kupokea maombi ya viza viko Dar es Salaam, baadhi ya abiria hupanga kuichukua pasipoti yenye viza siku ileile ya safari, katika saa chache za kusubiri ndege ya pili. Katika somo hili tunaeleza kwa nini mpango huo huwagharimu wengi, na namna ya kuupima kabla ya kulipia tiketi.

1. Piga hesabu ya muda halisi

Tuchukue mfano. Ndege kutoka Songwe inatua saa nne asubuhi, na ile ya ng'ambo inaondoka saa kumi jioni. Tiketi inaonyesha saa sita. Sasa tutoe muda unaohitajika:

• Kushuka na kupokea mizigo: dakika 45.
• Kwenda mjini kwa Barabara ya Nyerere: dakika 90.
• Foleni ofisini: dakika 60.
• Kurudi kiwanjani: dakika 90.
• Kufika mapema kabla ya safari ya kimataifa: saa 3.

Jumla ni saa 7 na dakika 45. Abiria huyu amepungukiwa na saa 1 na dakika 45 hata kabla ndege yake ya kwanza haijachelewa. Umbali wa kwenda mjini si mkubwa, lakini msongamano wa magari hauangalii tiketi ya mtu. Akumbuke pia kwamba ndege za ndani na za kimataifa hutumia majengo tofauti. Jengo la Tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, limetengwa na Jengo la Pili, na kuhama kati ya majengo hayo kunahitaji muda.

2. Uliza saa za ofisi

Balozi hufungwa siku za mwisho wa juma, katika sikukuu za Tanzania, na mara nyingi katika sikukuu za nchi zao. Nyingine hutoa pasipoti katika saa maalumu tu. Pata uthibitisho kwamba pasipoti iko tayari. Tarehe ya kukadiria si ahadi.

3. Fahamu nani atabeba hasara

Shirika la ndege lina haki ya kumkataa abiria asiye na hati zinazotakiwa, na hali hiyo kwa kawaida haimpi haki ya fidia. Aidha, asiyetokea katika ndege ya kwenda aweza kufutiwa hata safari ya kurudi iliyomo katika tiketi hiyo. Ikiwa safari zote mbili zimo katika tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika huwajibika kumtafutia abiria ndege nyingine. Zikiwa tiketi mbili tofauti, shirika la pili halihusiki na kuchelewa kwa la kwanza.

4. Hati zisizopatikana siku ya safari

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, ingawa baada ya hapo hudumu maisha yote. Basi, chanjo ya siku ya safari haimsaidii abiria mbele ya nchi inayodai cheti hicho. Anayekuuzia kadi bila kukuchanja anakuuzia kughushi. Vivyo hivyo, jiepushe na vishoka wanaodai kuharakisha viza kwa malipo ya pembeni.

5. Njia zilizo salama zaidi

• Omba viza mapema, nawe uwe na pasipoti mkononi kabla ya kuondoka Sumbawanga.
• Uliza kama kituo hurudisha pasipoti kwa huduma ya vifurushi, au humkabidhi ndugu mwenye barua ya idhini.
• Isipowezekana, fika Dar es Salaam siku moja au mbili kabla. Gharama ya kulala ni ndogo kuliko ya tiketi iliyopotea.
• Hakikisha pia kama nchi utakayopitia inadai viza ya kupita.

6. Ukiwa na lalamiko

Hifadhi tiketi, stakabadhi na ujumbe wote. Wasilisha lalamiko kwa maandishi kwanza kwa shirika la ndege. Usiporidhika, lipeleke Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Jipime

Ndege yako inatua saa tatu asubuhi siku ya Ijumaa, na ubalozi hutoa pasipoti kuanzia saa nane mchana. Ndege ya pili inaondoka saa kumi na mbili jioni. Je, utawahi? Piga hesabu kama tulivyofanya hapo juu, kisha ndipo ulipe.