Dawa ya magonjwa yote: jina, orodha na «-a unganifu» kwenye chupa za zama za ukoloni

Utangulizi

Dawa zilizouzwa kwa jina la kuponya kila kitu zimeandikwa sana na wanahistoria na waganga. Sisi wa isimu tumeziacha, kana kwamba chupa haituhusu. Lakini chupa ya namna hiyo ilibeba vitu viwili: maji yaliyomo ndani na maneno yaliyobandikwa nje. Mnunuzi hakuweza kuyapima maji. Alichonunua kwa kweli ni maneno.

Hoja yangu ni hii: dawa ya magonjwa yote hutegemea sarufi. Inahitaji jina linaloficha yaliyomo, orodha isiyo na mwisho, na kiungo cha lugha kinachoacha maana wazi. Nitaanza Uingereza na makoloni yake ya Amerika katika karne ya 18, kwa sababu ndiko biashara hii ilikokomaa. Kisha nitafuata masanduku ya dawa hadi msitu wa Ituri, na mwisho nitafika kwenye Kiswahili chetu cha Kivu.

1. Neno «hataza» na kinyume chake

Kwa Kiingereza dawa hizi ziliitwa «patent medicines», yaani dawa za hataza (wengi wetu tunasema breve). Asili ya neno hilo ni Kilatini, kitenzi chenye maana ya kuwa wazi. Barua ya hataza ya mfalme ilikuwa barua isiyofungwa, ambayo kila mtu angeweza kuisoma. Mwaka 1712 Richard Stoughton alipata hataza ya dawa yake ya tumbo. Mwaka 1744 Robert Turlington akapata ya zeri yake, aliyoiita Zeri ya Uhai.

Lakini wauzaji wengi hawakuomba hataza hata siku moja. Kuomba kulimaanisha kueleza mchanganyiko, nao walitaka siri. Wakachukua heshima ya neno bila masharti yake. Hivyo neno lililozaliwa na maana ya uwazi likawa jina la dawa za siri. Wanafunzi wa semantiki wana mfano mzuri hapa wa neno lililogeuka hadi kufikia kinyume chake.

2. Jina linalosafiri peke yake

Mwaka 1708 gazeti la Boston News-Letter lilitangaza kwamba Nicholas Boone, muuza vitabu wa mji huo, anauza Elixir Salutis ya Daffy kwa shilingi 4 na peni 6 kwa chupa ya nusu painti. Angalia sehemu mbili za jina. «Elixir Salutis» ni Kilatini, «kimiminika cha afya», na Kilatini kilikuwa lugha ya waganga na ya kanisa. «Daffy» ni jina la ukoo wa kasisi wa Kiingereza. Kati ya heshima ya Kilatini na heshima ya kasisi, hakuna neno linalosema ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na pombe na mmea wa sena, unaoharisha.

Mwaka 1754 Turlington aliibadilisha chupa yake akaipa umbo la pekee, akilalamika kwamba watu wananunua chupa zake tupu na kuzijaza dawa ya uongo. Hila hiyo ilishamiri Amerika wakati wa vita vya uhuru, bidhaa za Uingereza zilipokuwa haba: wauza dawa walijaza chupa za zamani mchanganyiko wao wenyewe. Mwaka 1824 Chuo cha Famasia cha Philadelphia kilichunguza dawa nane za Kiingereza zilizokuwa bado zinatengenezwa nchini. Kikakuta kwamba jina moja lina mapishi mengi yasiyofanana. Katika Godfrey's Cordial, iliyopewa watoto wachanga ili walale, kiasi cha afyuni kilitofautiana mno. Mama aliyezoea chupa ya duka moja aliweza kumzidishia mtoto kwa chupa ya duka jingine, akiwa amefuata kipimo kilekile.

Kwa maneno ya Saussure, kiashiria kilibaki na kiashiriwa kikabadilika. Darasani tunalisema jambo hilo kwa utulivu. Kwenye kijiko cha mtoto lilikuwa suala la kufa na kupona.

3. Orodha isiyokubali mpaka

Hila ya pili ni orodha. Hataza ya Turlington ilitaja magonjwa machache. Baadaye kitabu chake cha matangazo kilifikia kurasa 46. Orodha za aina hii huchanganya ngeli za maana: ugonjwa (kipindupindu), dalili (kikohozi), kiungo (tumbo), na hali isiyopimika (udhaifu wa ndani). Vikiwekwa mstari mmoja, vinaonekana sawa.

Isidhaniwe kwamba orodha zote zilikuwa uongo mtupu. Chlorodyne, iliyobuniwa na John Collis Browne, mganga wa jeshi la Waingereza nchini India katikati ya karne ya 19, ilikuwa na afyuni, bangi na klorofomu. Afyuni hutuliza maumivu, hupunguza kikohozi na hufunga kuhara. Mgonjwa aliona nafuu ya kweli. Uongo uliingia kwenye kitenzi: kutuliza kuliuzwa kwa jina la kuponya. Aliyeacha kukohoa hakujua kwamba kifua chake bado kinaumwa.

4. Kutoka «Tabloid» hadi «kinini»

Mwaka 1880 Wamarekani wawili, Silas Burroughs na Henry Wellcome, walianzisha London kampuni ya kutengeneza dawa za vidonge. Mwaka 1884 Wellcome alisajili jina «Tabloid», alilolibuni kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la kidonge na la alkaloidi. Kampuni hiyo ilitengeneza pia «Livingstone Rousers», vidonge vilivyofuata mchanganyiko wa mmisionari Livingstone: kwinini, kalomeli, jalapa na rubabu, yaani dawa ya homa pamoja na za kuharisha. Jina la msafiri lilifanya kazi ileile iliyofanywa na jina la kasisi Daffy.

Stanley alipopanda mto Kongo mwaka 1887 kumtafuta Emin Pasha, alikuwa na masanduku tisa ya dawa za Burroughs Wellcome. Pamoja naye walikuwa zaidi ya watu 600 walioandikwa Zanzibar, na Kiswahili chao kikapita nao msitu wa Ituri.

Neno «tabloid» lilitoroka mikononi mwa mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walilitumia kwa magazeti ya habari fupi, kama habari zilizobanwa kuwa kidonge. Kwetu neno la dawa lilifanya safari nyingine. «Kwinini» ilikuwa dawa moja ya malaria. Katika Kiswahili cha Kivu ikawa «kinini», wasemaji wakaiona silabi ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli ya ki-/bi-, na wingi ukawa «binini». Majirani zetu wa Kinyarwanda na Kirundi wana «ikinini» na «ibinini». Leo kinini ni kidonge chochote.

Kimofolojia huo ni ubunifu mzuri. Kimatumizi una gharama. Nilimsindikiza shangazi kwenye kituo cha afya, na muuguzi akamwuliza: «Mama, ulimeza nini?» Akajibu: «Nilimeza binini bibili.» Kwa sarufi yetu jibu lilikuwa kamili, kwa muuguzi lilikuwa tupu. Ilibidi mtoto atumwe nyumbani kuleta kikaratasi.

5. «-a unganifu»

Tuangalie sasa neno «dawa», lililotoka Kiarabu, na kiunganishi kinacholifuata:

– dawa ya mbu: inayopinga kitu;
– dawa ya nguvu: inayoleta kitu;
– dawa ya meno: inayotumika mahali fulani;
– dawa ya watoto: inayokusudiwa mtu fulani;
– dawa ya majani: inayotokana na kitu;
– dawa ya kunywa: inayotumiwa kwa namna fulani.

Umbo ni moja, uhusiano ni sita. Kwa kawaida ujuzi wetu wa dunia hututosha: hakuna anayedhani dawa ya mbu inamtibu mbu. Muuzaji wa sokoni mwenye kipaza sauti anapotangaza «dawa ya figo, dawa ya presha, dawa ya macho», hajasema inaponya, inatuliza, au inapakwa tu. Hajatamka kitenzi, kwa hiyo hakuna ahadi ya kumdai. Orodha ya Turlington imerudi, na safari hii sarufi inaisaidia zaidi.

6. Sheria inapojifunza sarufi

Marekani ilipotunga sheria ya vyakula na dawa mwaka 1906, ililazimisha chupa kutaja baadhi ya vitu vya hatari, kama pombe, afyuni na kokeini. Mwaka 1911, katika kesi ya dawa iliyodaiwa kutibu kansa, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakataza uongo kuhusu kilichomo, si uongo kuhusu uponyaji. Nomino ilikuwa na sheria. Kitenzi kilikuwa huru. Mwaka 1912 Bunge lilirekebisha sheria ili kukataza madai ya uongo ya tiba, lakini mshtaki alitakiwa kuthibitisha nia ya kudanganya.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha maswali manne ya kuiuliza lebo yoyote: jina linaficha nini, orodha inachanganya nini, kitenzi kiko wapi, na «-a» ina maana gani? Vikaratasi vingi vya dawa tunavyopewa vimeandikwa Kifaransa au Kiingereza, na anayevitafsiri ni muuzaji mwenyewe. Napendekeza kwamba kazi za mwaka za idara yetu zianze kutafsiri vikaratasi hivyo kwa Kiswahili, pamoja na wanafunzi wa famasia, kwa kanuni mbili: jina la kitu kilichomo litangulie jina la biashara, na kila «dawa ya» ifuatwe na kitenzi. «Inatuliza maumivu, haiponyi malaria» ni sentensi ya maneno manne. Ingetosha kumfanya mgonjwa arudi kituoni mapema.