SOMO LA KIKUNDI: UFUNGUO MDOGO WA PROGRAMU YA KOMPYUTA

Somo la leo linahusu kitu kidogo kuliko kidole gumba, ambacho kilisimamisha kazi ya watu kumi na wanne. Kwanza someni kisa hiki kwa sauti, mmoja awe Mwenyekiti na mwingine awe Kijana. Halafu tutaeleza.

Ni Huruma, Nairobi, chumba cha ghorofa ya kwanza, si mbali na Kiamaiko wanakouza nyama ya mbuzi. Kikundi cha akina mama na vijana kina mashine moja ya kudarizi nembo kwenye sweta za shule, na kompyuta moja ya mezani ya kuchorea nembo hizo. Ni mwisho wa Desemba. Shule zinafunguliwa Januari, na kuna oda ya sweta 180 zenye nembo mpya.

Mwenyekiti: Kijana wangu, mbona mashine imenyamaza?
Kijana: Mama, si mashine. Ni kompyuta. Inasema haioni ufunguo.
Mwenyekiti: Ufunguo gani tena? Mlango si uko wazi?
Kijana: Hata mimi sielewi. Juzi ilikuwa inafanya kazi vizuri.
Mwenyekiti: Na ile flashi ya zambarau iliyokuwa imechomekwa nyuma?
Kijana: Ile... Niliichomoa nikaenda nayo saiba kuweka nyimbo. Ikakataa kuingiza kitu, nikajua imeharibika.
Mwenyekiti: Iko wapi sasa?
Kijana: Kwa mfuko wa suruali. Na suruali iko kwa beseni, imelowekwa.

Mkimaliza kucheka, msimcheke sana yule kijana. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwenyekiti mwenyewe aliiita flashi, na mimi niliyekuwa nikiwatembelea kila mwezi niliiona mara nyingi nikadhani ni hivyo hivyo. Mimi nilisomea ustawi wa jamii, si kompyuta, na haya ninayoandika niliyafahamu baadaye kwa kuuliza mafundi maswali mengi hadi wakachoka nami.

Kabla ya kijana kukiri, kikundi kilikuwa kimeita fundi. Fundi huyo hakuuliza chochote kuhusu ufunguo. Alifanya wanachofanya wengi, akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kwa hiyo hata ufunguo ulipotolewa kwenye beseni, ukakaushwa siku mbili kivulini, ukachomekwa, bado programu haikuwako. Na michoro yote ya nembo za shule za zamani ilikuwa imekwenda na maji, kwa maana ile nyingine.

Sasa kitu hiki ni nini?

Kwa umbo kinafanana kabisa na flashi, na kinaingia kwenye tundu la USB. Lakini hakihifadhi nyimbo wala barua. Ndani yake kuna kipande cha elektroniki chenye siri ya mtengenezaji wa programu. Ukifungua programu, kabla haijakubali kufanya kazi inakiuliza kile kipande swali la siri, nacho kinajibu. Jibu likiwa sawa, programu inafunguka. Lisipokuja, inakataa. Tena haiulizi mara moja tu. Programu nyingi huuliza tena na tena mnapoendelea na kazi, ndiyo maana ukichomoa katikati kila kitu kinasimama. Fundi wetu wa sasa anakiita dongo. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilitazama chini kutafuta udongo. Katika somo hili tutakiita ufunguo.

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na programu ya kuandikia barua huko Uingereza, Wordcraft, iliyouzwa kwa wenye kompyuta za Commodore PET pamoja na kifaa cha kuchomeka namna hiyo. Baadaye funguo zikawa za kuchomekwa kwenye lile tundu pana la printa lenye matundu madogo 25, halafu zikahamia USB. Kampuni ya Ujerumani, WIBU-SYSTEMS ya Karlsruhe, imekuwa katika biashara hiyo tangu 1989. Nyingine, Sentinel, siku hizi ni mali ya Thales ya Ufaransa. Katika kudarizi, programu ya Wilcom kutoka Sydney, Australia, inajulikana sana, na matoleo yake mengi yameuzwa pamoja na ufunguo. Vilevile wachoraji wa ramani za nyumba na mafundi wa kufungua simu wanazifahamu.

Wengi wetu tunajua tokeni ya stima. Namba 20 unazobonyeza zinakubaliwa na mita yako tu. Ukimpa jirani hazimsaidii. Ufunguo wa programu ni kinyume chake. Haukufungwa kwenye kompyuta moja. Leseni iko ndani ya ufunguo wenyewe, si ndani ya kompyuta. Kompyuta ikiibwa au ikiungua, mnatafuta nyingine, mnaweka programu, mnachomeka ufunguo, mnaendelea. Ila kwa ufunguo wa kompyuta moja (kuna na wa mtandao, kwa ofisi kubwa) ni mashine moja tu kwa wakati mmoja. Na ukipotea, umepoteza programu nzima. Wauzaji wengi hawatoi mwingine bure, hata ukiwa na risiti, kwa sababu hawawezi kujua kama ule wa kwanza umepotea au umeuzwa. Hebu fikirini: kompyuta yenyewe, kuukuu, inaweza kuwa na bei ndogo kuliko hicho kidude.

Kuweka programu upya, tulifanya hivi. Kwanza ufunguo ulikaa pembeni, haukuchomekwa. Hili ndilo kosa la kawaida, na mimi ningelifanya. Kompyuta inahitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuifundisha kuzungumza na ufunguo. Ukichomeka kabla ya draiva, kompyuta inaweza kuutambua vibaya na baadaye inakuwa kazi kuisahaulisha. Funguo nyingine za siku hizi Windows inazijua yenyewe, kwa hivyo someni karatasi iliyokuja nazo, lakini msipokuwa na karatasi, fuateni utaratibu wa kuchelewesha ufunguo.

Pili, tuliingia kwenye kompyuta kwa jina la msimamizi, maana mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuweka draiva. Tukaweka programu ya kudarizi kutoka kwenye sidii yake, na draiva ikaja pamoja nayo. Hapo tukakwama kidogo. Ile sidii ilikuwa ya miaka mingi, na draiva yake ilitengenezwa kwa Windows za zamani za biti 32. Windows mpya ya biti 64 haiikubali. Ilibidi kijana aende saiba kuchukua draiva mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ufunguo, bila malipo. Nasisitiza, kwa mtengenezaji mwenyewe. Tovuti nyingine zinazojitolea kukupa draiva mara nyingi zinakupa na virusi juu yake.

Tatu, tulizima kompyuta, tukaiwasha tena. Ndipo tukachomeka ufunguo, nyuma ya kompyuta, moja kwa moja, si kwenye kile kigawanyio cha matundu kisicho na umeme wake. Taa ndogo ndani ya ufunguo ikawaka. Yule kijana alipiga kelele hadi majirani wakaja mlangoni. Taa ikiwaka, kwa aina ile, maana yake draiva na ufunguo vimeelewana. Kama haiwaki, jaribuni tundu lingine kabla ya kulaumu maji.

Kwa wenye funguo za Sentinel kuna njia nzuri ya kuhakikisha. Fungueni kile mnachofungulia intaneti, na mahali pa kuandika anwani andikeni localhost:1947. Haihitaji bando, kwa sababu ukurasa uko ndani ya kompyuta yenu. Utawaonyesha kama ufunguo umeonekana, na namba yake. Iandikeni namba hiyo kwenye kitabu cha kikundi.

Wiki mbili baadaye kompyuta ikakataa tena, na kila mtu akamtazama yule kijana. Safari hii hakuwa na kosa. Stima ilikuwa imepotea usiku, na betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta, ile ya mviringo kama sarafu iitwayo CR2032, ilikuwa imekufa. Saa ikarudi nyuma miaka mingi. Leseni yenye muda ikiona tarehe ya ajabu hudhani mnadanganya. Kwa hiyo kabla ya kuita fundi, tazameni tarehe kwenye kona ya chini ya skrini. Betri hiyo inauzwa kwenye maduka ya saa na kwa wauza vifaa vya umeme.

Leseni yenye muda ikiisha kweli, si lazima kubeba ufunguo mjini. Programu nyingi zinaweza kutoa faili ndogo yenye habari za ufunguo. Mnaitia kwenye flashi (flashi ya kweli!), mnaituma kwa muuzaji kutoka saiba, naye akishalipwa anarudisha faili nyingine ya kuingiza kwenye ufunguo. Wakati wa kuingiza, ufunguo usiguswe, na msifanye kazi hiyo siku ambayo stima inachezacheza.

Sasa lile swali ambalo vijana huniuliza pembeni. Je, si kuna watu wanaouza programu hiyo hiyo bila ufunguo, kwa bei ya soda? Wako. Wanaweka ufunguo wa bandia, programu inayojifanya kuwa kile kidude. Kikundi kingine ninachokifahamu kilinunua kompyuta ya mitumba “pamoja na programu”, na hakuna aliyeuliza ufunguo uko wapi. Ilifanya kazi miezi michache. Windows ilipojirekebisha yenyewe, ule wa bandia ukakataliwa, na muuzaji hakupokea simu tena. Pia Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na inakataza kuvunja kufuli za namna hii. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 kina majina ya viongozi kwenye karatasi. Atakayeulizwa ni mama mwenyekiti, si yule wa River Road aliyewauzia.

Kwa maoni yangu kikundi kinachoanza kisikimbilie ufunguo wowote. Kuna Ink/Stitch, programu ya bure na halali ya kuchora nembo za kudarizi, inayofanya kazi ndani ya nyingine ya bure iitwayo Inkscape, nayo inatoa faili za DST ambazo mashine nyingi za kudarizi zinazisoma. Kujifunza kwake kunahitaji uvumilivu, na wanaoijua ile ya kulipia wanailalamikia. Lakini haipotei kwenye beseni.

Na jambo hili wengi hawalijui, lingewaokoa wenzetu siku tatu za machozi: mashine ya kudarizi yenyewe haihitaji ufunguo. Ufunguo ni wa kompyuta ya kuchorea tu. Nembo iliyokwisha kugeuzwa kuwa DST na kuingizwa kwenye mashine inaendelea kushonwa. Oda za zamani zingeendelea wakati wote ule mashine ilipokuwa imenyamaza, kwa sababu faili zake zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya mashine. Tulipogundua hivyo, tulizitoa tukaziweka kwenye flashi mbili, moja ikaenda kwa mweka hazina. Faili ya DST ni mishono tu, huwezi kuirekebisha vizuri kama mchoro wenyewe, lakini ni heri hiyo kuliko kuanza upya.

Sweta 180 zilifika shuleni siku nne baada ya kufunguliwa. Mwalimu mkuu alizipokea, ila oda ya muhula uliofuata ikaenda kwa mwingine.

Siku hizi ufunguo una utepe mwekundu na kibandiko kilichoandikwa SI FLASHI. Umeandikwa kwenye orodha ya mali ya kikundi pamoja na bei yake. Umechomekwa kupitia waya mfupi wa kurefusha, ili goti la mtu lisiuvunje, na jioni katibu anauchomoa na kuufungia kwenye kisanduku kimoja na kitabu cha benki. Wengine wanasema kuchomoa kila siku kunachakaza tundu. Ni kweli, lakini tundu la waya wa kurefusha linanunulika.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mali ya kikundi chetu, ni kitu gani kidogo ambacho kikipotea kazi yote inasimama? Nani anakitunza, na nani mwingine anajua kilipo?

2. Kijana alificha jambo kwa siku mbili, na kwa sababu hiyo fundi akafuta kompyuta. Ni nini katika kikundi chetu kinachomfanya mtu aogope kusema?

3. Mwenye kompyuta kati yetu ailete au atueleze: programu zilizomo tulizipataje, na risiti ziko wapi?